Mke wangu amepata kazi Dodoma, karakana yangu iko Tanga

BARUA

Asalaam alaykum mama, shikamoo.

Mimi ni seremala, naishi Makorora, Tanga. Nina mke na watoto wawili. Binti yetu yuko kidato cha pili, mdogo wake wa kiume yuko darasa la tatu. Mama yangu mzazi tunakaa naye. Nyumba aliiacha marehemu baba, kwa hiyo kodi hatulipi.

Mke wangu ni mhasibu. Alisoma kwa tabu, huku ananyonyesha, na ada ya mwaka wa mwisho niliilipa kwa pesa ya vitanda. Tangu amalize amekuwa akipata vibarua vya muda mfupi hapa mjini, miezi mitatu huku, minne kule. Mwezi uliopita kampuni moja binafsi ilimwita kwenye usaili, akafaulu. Kazi iko Dodoma. Mkataba ni wa miaka miwili, unaweza kuongezwa, na miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio. Mshahara atakaotia mkononi ni 1,200,000, na posho ya nyumba 200,000. Anatakiwa kuripoti tarehe 1 Oktoba, na jibu la ndiyo au hapana wanalitaka kabla mwezi huu haujaisha.

Karakana yangu iko Ngamiani. Nina fundi mmoja tuliyeanza naye, na vijana wawili wanaojifunza kazi. Mwezi ukikaa vizuri nabaki na laki nane au tisa nikishalipa vijana na umeme. Mwezi mbaya, hasa Januari, hata laki tatu siioni. Wateja wangu wananijua kwa miaka, wengine ni watoto wa watu waliokuwa wateja wa fundi aliyenifundisha. Sasa hivi nina oda ya milango ya nyumba nzima na makabati ya jiko, na advansi yote imeshaingia kwenye mbao.

Niliwaeleza kaka zangu. Mkubwa akaniambia, "Mwanamume ndiye anayechukua jiko. Tangu lini jiko likambeba mwenye nyumba?" Wa pili akasema aende peke yake, awe anakuja sikukuu. Nina rafiki aliyemfuata mkewe Arusha. Mpaka leo watu wakimtaja wanasema "yule aliyehamia kwa mkewe", na maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mama naye kasema hatoki. Baba kazikwa hapa, na babu yangu, aliyekuja kutoka Kigoma kukata mkonge, kazikwa hapa hapa. Mama ana ugonjwa wa sukari, kliniki yake ni hospitali ya Bombo hapa Tanga, na maisha yake yote hajalala nje ya Pwani isipokuwa kwenye misiba. Binti analia kila tukitaja Dodoma, na mtihani wake wa taifa wa kidato cha pili ni Novemba. Yule mdogo anachouliza ni kama atapanda treni.

Mke wangu ameniuliza zaidi ya mara moja, "Baba, wewe unasemaje?" Namjibu tutaongea. Ukweli, mama, sijui la kusema. Nikimzuia nitamtazamaje, na mimi ndiye niliyemsomesha? Nikimfuata nitakuwa nani huko, na Dodoma sina hata mteja mmoja? Na je, ni busara kung'oa familia nzima kwa mkataba wa miaka miwili?

Seremala, Tanga

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Jibu mnalidaiwa kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo nakupa langu mapema. Mkeo aikubali kazi. Familia ihamie Dodoma. Lakini msihame wote siku moja, na karakana ya Ngamiani isifungwe mpaka majaribio ya mkeo yapite. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza kaka yako mkubwa. Simvunjii heshima, na najua maneno yake yamekuuma kwa sababu yamegusa pale unapoogopa mwenyewe. Lakini tazama uliyoyaandika. Mwanamume aliyeuza vitanda akalipia ada ya mkewe alikuwa anafanya kazi ya mume, na matunda ya kazi hiyo ndiyo haya. Aliyejenga huwezi kumwambia amebebwa. Na huko kwenye dini yetu, Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alisafiri na mali ya biashara ya Bi Khadija kabla hajamuoa, na hakuna Muislamu aliyewahi kusema heshima yake ilipungua kwa hilo. Rafiki yako wa Arusha anasemwa, ndiyo. Hukuniambia kama ndoa yake ni nzuri na watoto wake wanasoma. Hilo ndilo ningetaka kujua kabla ya kusikiliza wanaomsema.

Halafu umenigusia babu yako. Alitoka Kigoma akaja kukata mkonge. Watu kama yeye walikuja kwa maelfu katika mashamba ya Tanga enzi za Wajerumani na Waingereza: Waha, Wangoni, Wamakonde, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Wakaitwa manamba, kwa namba walizopewa kwenye kandarasi. Wengi walidhani watarudi kandarasi ikiisha. Leo wajukuu wao ndio nyinyi, watu wa Makorora msiojua kwingine. Kumbe kuhama kwa ajili ya kazi si jambo geni nyumbani kwenu, mwanangu. Bila huko kuhama, wewe usingekuwa Mtanga.

Sasa mkataba. Mkeo asitie saini kabla hajausoma mstari kwa mstari, na wewe usome naye. Kuna maelezo mawili ambayo watu huyaruka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi, na humo panatajwa mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi. Mahali alipoajiriwa paandikwe Tanga. Wakiandika Dodoma, mtapoteza haki nyingine iliyomo kwenye sheria hiyo hiyo: mkataba ukikatishwa mahali tofauti na alipoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kumrudisha pamoja na vitu vyake, au kumlipa gharama ya kurudi, na kama akicheleweshwa, kumlipa ya kujikimu siku anazosubiri. Neno moja tu kwenye karatasi, lakini siku ya mabaya lina thamani ya lori zima.

La pili ni hiyo miezi sita. Chini ya sheria hiyo, aliyefanya kazi kwa mwajiri kwa muda usiofika miezi sita halindwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo haki kama anavyolindwa aliyeivuka. Simtabirii mkeo mabaya. Aliyesoma huku ananyonyesha hafukuzwi kirahisi. Ila ndiyo sababu nakwambia usiuze mashine hata moja kabla ya Aprili.

Na kabla ya saini, aulize kuhusu gharama za kuhama. Kampuni binafsi nyingi hazisemi mpaka ziulizwe. Tupige hesabu pamoja. Tuseme mmepata nyumba ya laki mbili na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mkononi, hiyo ni 1,500,000. Dalali atataka ya mwezi mmoja, 250,000. Mmeshafika 1,750,000 na hamjabeba hata kitanda, wala hamjanunua pipa la maji. Mshahara wa kwanza ataupata mwisho wa Oktoba. Fedha hiyo itatoka wapi? Mkeo awaombe posho ya kuhamia au mkopo wa mshahara utakaokatwa kidogo kidogo, na aombe sasa, wakati bado wao ndio wanaomhitaji. Akishaingia ofisini, atakuwa anaomba hisani.

Oktoba basi aende peke yake, na asipange nyumba. Achukue chumba kimoja, au akae kwa ndugu kama mnaye, mpaka Desemba. Wewe ubaki na watoto na mama. Najua utapika na kufua zaidi ya ulivyozoea, na utamudu. Binti yenu ameshasajiliwa kufanya mtihani wa Novemba kwenye shule aliyopo. Kumhamisha katikati ya mwaka ni kumharibia bure. Akimaliza, Januari aanze kidato cha tatu Dodoma. Huo ndio mlango mzuri kuliko yote, kwa sababu kidato cha tatu wanafunzi huchagua masomo ya sayansi au ya sanaa, kila mtu anaanza upya kidogo, na mgeni haonekani sana.

Utaratibu wa uhamisho muuanze Oktoba hiyo hiyo, msingoje likizo. Mtahitaji shule ya kumpokea, barua ya uhamisho kutoka shule anayotoka, na namba yake ya PREM, yaani ile ya usajili wa mwanafunzi, ihamishwe kwenye mfumo. Wazazi wengi hukumbuka namba hiyo Machi, mwalimu anapowaambia mtoto hayumo. Na huyu mdogo fanyeni vivyo hivyo, maana Januari anaingia darasa la nne.

Kuhusu binti kuna hesabu ambayo sidhani mmeipiga. Mkataba wa miaka miwili unaoanza Oktoba mwaka huu utaisha mwisho wa Septemba, mwaka ambao yeye atakuwa kidato cha nne, wiki chache tu kabla ya mtihani wa mwisho. Kampuni isipoongeza mkataba, mtajikuta mnafungasha wakati mtoto anatakiwa kuwa mezani anasoma. Kubalianeni leo, wewe na mkeo, kwamba liwe liwalo, mmoja wenu anabaki Dodoma na binti mpaka amalize karatasi ya mwisho, na pesa ya miezi hiyo muanze kuiweka pembeni tangu mshahara wa pili. Mkishakubaliana, mwambieni na yeye. Mtoto wa umri ule analia zaidi kwa kutojua kuliko kwa kuondoka. Na mumwache achague kitu kimoja au viwili: chumba chake, au likizo ipi atarudi Tanga kwa rafiki zake. Mkimwahidi Tanga ya Juni, Juni ikifika apande basi kweli.

Nimefika kwenye kazi yako, na hapa nitakaa, kwa sababu naona ndipo moyo wako ulipo ingawa barua yako imezungumza zaidi juu ya kaka zako.

Unasema Dodoma huna mteja hata mmoja. Kweli. Lakini tazama mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ukalala miaka mingi, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia, na ikahamia. Kwenye sensa ya 2012 Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Kila familia katika hizo zilizoongezeka imehitaji milango, vitanda, kabati na meza, na bado Nzuguni, Ilazo na kuelekea Mtumba watu wanaendelea kupandisha boma. Sikudanganyi kwamba watakungoja stendi. Mafundi wapo wengi, tena wazuri, na fanicha za kutoka nje zimejaa madukani. Ila mji unaokua namna hiyo unampa nafasi fundi anayetimiza ahadi ya tarehe, na mtu ambaye wateja wake wamerithishana kwa vizazi viwili lazima ni wa namna hiyo.

Mbao pia hazitakuwa mbali. Msonobari wa Mafinga unapita Iringa, unavuka Mtera, unaingia Dodoma kwa lami. Mninga wa Tabora unashuka kwa njia ya Singida. Tanga unaulipia safari ndefu zaidi. Kitakachokusumbua ni hewa, na hili wewe unalijua kuliko mimi: ubao uliokaa kwenye unyevu wa bahari ukiupeleka Dodoma mwezi wa Septemba unakauka na kujikunja. Mlango uliotoshea barabara Tanga utaacha mwanya, na paneli uliyoigandisha kwa gundi itapasuka. Kwa hiyo usibebe milango iliyokwisha tengenezwa ukidhani utaanzia hapo. Nunua mbao huko huko, ziache zikae kwenye hewa ya pale, paneli uziache zicheze ndani ya mfuo wake. Wateja wa mwanzo wakikuta makabati yako yamepasuka, jina litakufa kabla halijazaliwa. Na ubao wowote utakaoamua kuubeba kutoka Tanga, uwe na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, la sivyo utaachwa kwenye kizuizi cha maliasili na lori litakudai.

Novemba, ukishakabidhi ile milango na makabati, nenda Dodoma ukakae wiki moja hivi. Usiende kumsalimia mkeo tu. Nenda na futi kamba yako. Pita kwenye karakana, uliza bei ya ubao, uliza fundi analipwa nini kwa kabati la jiko, uliza umeme wa njia tatu unapatikana wapi na kodi ya banda ni kiasi gani. Tazama wanachotaka watu: huenda ukakuta watumishi wanaopanga wanataka makabati ya MDF, zile mbao za kiwandani, yanayofunguliwa na kuhamishika, wakati wewe umezoea mninga wa kudumu. Kama kuna fundi anayekubali ulipie nafasi ya benchi kwake miezi michache, hiyo ni njia nzuri ya kuanza, maana utajua mji kwa pesa ndogo. Randa, patasi na mashine zako ndogo za mkono zinatosha kwa mwanzo. Zile kubwa ziache Ngamiani.

Na Ngamiani pasife. Huyo fundi uliyeanza naye, kaa naye chini mwandikiane: yeye anaendesha, vijana wanaendelea kujifunza, wewe unapata kiasi gani kila mwezi, na mashine ikiharibika nani anatengeneza. Muandikiane, hata kama ni kama ndugu, na hasa kwa sababu ni kama ndugu. Wateja wakubwa uwapigie wewe mwenyewe uwatambulishe kwake. Advansi ya mtu yeyote isivuke Desemba kabla hajapewa kitu chake. Usiondoke Tanga na deni la mlango. TIN yako utahama nayo, lakini TRA wajulishe eneo jipya la biashara, na leseni utaomba upya Jiji la Dodoma kwa kuwa kila halmashauri inatoa yake.

Nyumba mtakayopanga itegemee ofisi ya mkeo iko wapi. Kama iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, tafuteni upande wa Nzuguni, Ilazo au Kisasa, njia ya Dar es Salaam. Msidanganyike na kodi nafuu ya Nkuhungu, upande wa pili wa mji, halafu mkeo awe anaondoka gizani na kurudi gizani. Kabla ya kulipa waulizeni majirani, si dalali, maji yanatoka siku zipi na kama kuna simtanki. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na maji ya bomba yana mgao. Ulizeni pia kama LUKU ni yenu peke yenu. Juni na Julai usiku kuna baridi ambayo watoto wa Tanga hawaijui, kwa hiyo blanketi zitangulie kwenye mzigo.

Sasa mama yako, na naomba unisikilize vizuri. Umeniandikia kwamba mama kasema hatoki. Hukuniandikia kwamba mmemuuliza. Yapo mambo mawili tofauti hapo. Mzee akisikia watoto wanazungumza habari za lori na yeye hakuitwa, atasema hatoki, na ningesema hivyo hivyo mimi. Mkalie chini wewe na mkeo pamoja, mkeo asikwepe, na mumweleze kazi ni ya nini, mshahara kiasi gani, na kwamba nyumba ya baba haiuzwi wala haipangishwi. Hilo la nyumba lianze. Makaburi anayoyataja ni ya kweli, lakini nyuma yake kuna hofu kwamba akitoka hatakuwa na pa kurudi.

Kisha asilazimishwe kuamua sasa. Januari nyinyi mnaondoka, yeye abaki Makorora kwa miezi hiyo, na hapa ndipo kaka zako wanapoingia. Walikuwa na maneno juu ya nani amfuate nani. Vizuri, wao pia ni watoto wake. Mmoja ahamie pale na familia yake, au mjukuu mkubwa alale pale kila usiku, na kliniki ya Bombo ipate mtu maalumu wa kumpeleka kwa tarehe zake, si yeyote atakayekuwa na nafasi. Mgonjwa wa sukari anahitaji mtu wa kutazama miguu yake kama ina kidonda, wa kuhakikisha amekula baada ya dawa, wa kujua afanye nini sukari ikishuka usiku. Kama hakuna ndugu anayekubali kwa dhati, mbele ya mama mwenyewe, basi mpango huu haupo na mama anakuja nanyi Januari. Usimwache kwa ahadi za mdomoni. Wewe ndiye uliyekuwa unaishi naye, na wewe ndiye unayejua anaficha nini akiumwa.

Februari au Machi mleteni Dodoma kutembea. Nachagua miezi hiyo kwa makusudi: mvua zinakuwa zimenyesha, mji una kijani, jua halichomi kama la Oktoba. Akija Oktoba akakuta vumbi na upepo, hatarudi tena. Asikae siku nzima kwenye basi kutoka Tanga. Mpandisheni basi mpaka Morogoro, alale hapo, kesho yake apande treni ya SGR kwenda Dodoma. Inafanya safari hiyo tangu Julai 2024, na mzee anakaa kwa raha, choo kipo. Yule mjukuu anayeulizia treni ndiye akampokee stesheni. Bombo ombeni nakala ya kadi na maelezo ya dawa zake, mkazionyeshe hospitali ya rufaa ya mkoa ya Dodoma, ili mama aone kwa macho yake kwamba kuna daktari. Nazi atazikuta soko la Majengo, samaki wa Mtera watamlazimu ajifunze ladha nyingine, na Ijumaa mpelekeni Msikiti wa Gaddafi. Watu wa Pwani huko wamejaa, wengi wao waliletwa na hizi hizi kazi. Akishaona, ndipo aseme. Akisema Tanga, iwe Tanga, na bajeti yenu ibebe nauli yako ya kuja kumwona mara kwa mara. Na muulize mkeo kama bima ya kampuni inapokea mzazi wa mume. Zipo zinazopokea na zisizopokea.

Limebaki lile usiloliandika wazi, kuishi kwenye nyumba inayolipiwa na mshahara wa mke. Mafundisho ya dini yetu yako wazi kwamba mshahara wa mke ni wake, na matumizi ya nyumba ni jukumu la mume. Akitoa, ametoa kwa ihsani. Wewe unalijua hilo na linakulemea. Kwa hiyo msiliache lielee. Posho ya nyumba imetolewa na kampuni kwa ajili ya nyumba, basi iende kwenye kodi, na kinachopelea mzungumze. Chakula na ada za watoto zibaki kwako, kutoka kiasi cha Ngamiani na utakachopata Dodoma. Miezi ya mwanzo hazitatosha, ninakwambia mapema. Miezi hiyo mkeo ataziba, na mnapaswa mkubaliane sasa kwamba akiziba hatalitaja mbele ya watu, wala wewe hutakasirika pasipo sababu kwa kuwa ameziba. Nimeona nyumba nyingi zikitikiswa na hasira ya aina hiyo, ya mtu aliyesaidiwa, kuliko na njaa yenyewe.

Ushauri wa kaka yako wa pili, kwamba aende peke yake awe anakuja sikukuu, ninaukubali mpaka Desemba tu. Mume na mke wanaweza kuvumilia mbali mbali wakijua tarehe ya mwisho. Isipokuwepo tarehe, kila mmoja anazoea kuishi bila mwenzake, na watoto wanazoea mama wa kwenye simu. Wekeni tarehe, iandikeni ukutani, kaka zako waione.

Mkeo bado anangoja. Amekuuliza "wewe unasemaje" kwa sababu anataka kusikia neno lako, wala si kwa sababu hana la kwake. Leo ukitoka Ngamiani umwite mbali na watoto, umwambie aikubali kazi, kisha mpange pamoja barua ya kuuliza ile posho ya kuhamia na kile kipengele cha Tanga. Barua iende kesho asubuhi, wapate siku za kujibu kabla mwezi haujaisha.